Dawa Ipo, Lakini Itaingiaje Kichwani?

Gunia la mbolea likifika Voi, je, limefika shambani mwako Wundanyi? Hata kidogo. Bado kuna Mwatate, kona za mlimani, na kile kijia cha mwisho kinachotaka mgongo wa mtu. Mwenye duka atakuambia mbolea ipo tele, nawe mahindi yako yanageuka manjano.

Shida kama hiyo imewasumbua madaktari wa uvimbe wa ubongo kwa miaka mingi. Dawa ya kuua chembe za saratani ilikuwako. Kufika ndiko kulikuwa taabu.

Ubongo hukaa ndani ya fuvu, ambalo wazee wa Kitaita waliliheshimu hata wakalihifadhi mapangoni. Lakini ulinzi wake mkubwa si mfupa. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alidunga wanyama rangi. Viungo vingine vikageuka, ubongo ukabaki vile vile. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimeshikana mno, hata sumu nyingi haziwezi kupenya. Ni jambo jema, mpaka siku unapotaka dawa ipenye. Ukizidisha kipimo, unaumiza mapafu na uboho kabla hujaugusa uvimbe.

Hapo ndipo anapoingia Henry Brem, daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Uvimbe mbaya ukishakatwa, aghalabu hubaki mizizi ambayo kisu hakiwezi kuifuata bila kumlemaza mgonjwa, nao huota tena pale pale. Hoja yake ilikuwa nyepesi: fuvu limekwisha kufunguliwa, basi dawa na iachwe humo humo.

Alishirikiana na Robert Langer wa chuo cha MIT, mhandisi aliyekuwa akitengeneza polima za kuachilia dawa polepole. Polima yao hulika kutoka nje kama kipande cha sabuni, na dawa hutoka kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Usidhani walipigiwa makofi! Langer amesimulia jinsi wakaguzi wa maombi ya fedha walivyoshikilia kwamba jambo hilo halitawezekana. Taarifa ya wagonjwa 21 wa kwanza ilitoka mwaka 1991. Mwaka 1995 yakatangazwa majaribio ya wagonjwa 222 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi: nusu ya waliowekewa dawa waliishi zaidi ya wiki 31, na nusu ya wenzao zaidi ya wiki 23. Mwaka uliofuata Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Gliadel. Ni viduara vyembamba, upana wake haufiki sentimita 2, na daktari huweza kuweka hadi 8.

Utasema, kazi yote hiyo kwa wiki 8? Mimi sizidharau. Wiki 8 zatosha kuvuna, na kugawa shamba bila ugomvi. Lakini si kupona, na anayekuambia ni kupona anakudanganya. Tena viduara hivyo vina madhara yake: kifafa, ubongo kuvimba, kidonda kuchelewa kufunga. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya temozolomide, dawa ya kumeza ambayo hupenya ubongoni kiasi. Ikitumiwa pamoja na mionzi, ilisogeza muda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6.

Nasi hapa nyumbani? Mwaka 2000 Profesa Nimrod Mwang'ombe, jina lisilo geni Taita, alichapisha pamoja na mwenzake Ombachi taarifa kuhusu uvimbe wa ubongo katika Hospitali ya Kenyatta. Kwa hiyo usiseme ni ugonjwa wa Wazungu.

Maumivu mengi ya kichwa si uvimbe. Lakini yakizidi siku hadi siku, yakikuamsha alfajiri na kukutapisha, au macho yakififia, mkono mmoja ukilegea, au kifafa kikimwanza mtu mzima, usingoje mganga amalize kuku wako. Nenda Wesu, uombe barua ya kwenda kupigwa picha ya ubongo. Chukua karatasi zako zote, na ufuatane na mtu aliyekishuhudia kifafa kile kwa macho yake. Mgonjwa mwenyewe huwa hakumbuki.