Keki Picha Kumi na Mbili, Mama Hata Moja

Mwezi huu tumeombwa tuzungumze kidogo juu ya kazi yetu. Sisi ni wapiga picha wa harusi hapa Nyarugusu. Wengi mnatujua, ndio wale wa "sogea kidogo shangazi, cheka basi!" Tulianza wakati wa filamu ya picha 36, tulipokuwa tunangoja mtu mwenye kibali cha kutoka atupelekee filamu Kasulu ikasafishwe. Siku hizi picha unaiona hapo hapo kwenye simu. Lakini makosa ni yale yale, na kubwa kuliko yote ni letu wenyewe. Tuanze na hilo.

Kosa letu

Harusi moja tulipiga picha kutwa nzima: keki, gauni, pete, mpaka viatu vya bwana harusi. Mama wa bibi harusi alikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, kitenge chake kimejaa majivu. Tulimwita mara mbili. Akajibu, "Ngojeni wanangu, wali uive kwanza, nibadilishe nguo." Tukasahau.

Baadaye yule binti na mume wake walihamishiwa Marekani. Mama alibaki, akafariki hapa kambini. Binti akatupigia simu: "Hamna picha ya mama ya siku ile?" Tulifungua bahasha zote. Keki ilikuwa na picha kumi na mbili. Mama hakuwa na hata moja. Tulikosa la kumwambia.

Sisi tuliokimbia tunajua uchungu huo. Wengi tulitoka Fizi na Uvira tukavuka Ziwa Tanganyika na watoto mgongoni, albamu zikabaki nyumbani. Wako vijana hapa ambao hawajui sura ya babu yao. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuoana, sikilizeni haya.

Andikeni majina mapema. Wiki moja kabla, kaeni na wazazi wa pande zote mbili mwandike watu ambao lazima wapigwe picha. Mpiga picha hajui nani mjomba na nani jirani. Mchagueni kaka au shangazi mmoja awe anawaita. Wazee wapigwe asubuhi, kabla hawajachoka.

Chagueni saa na mahali. Jua la saa sita mchana linatia kivuli machoni, na gauni jeupe linang'aa mpaka uso unapotea. Saa kumi jioni ni nzuri. Kama hamwezi kungoja, simameni wote chini ya mwembe, siyo nusu kivulini nusu juani. Chini ya turubai la bluu nyuso zinatoka za bluu. Turubai jeupe linaleta mwanga mzuri.

Patanani bei kwenye karatasi. Andikeni picha ngapi, lini zitakuwa tayari, na malipo ya kwanza ni kiasi gani. Tafadhali msiuze mgao wa chakula kwa ajili ya picha. Picha kumi nzuri zinatosha. Ndoa inayoanza na deni inaanza na ugomvi.

Tunzeni nakala. Nyuma ya kila picha andikeni majina, tarehe na mahali, bila kukandamiza kalamu. Nakala moja ikae kwa wazazi wa mume, nyingine kwa wazazi wa mke, ndani ya nailoni, mbali na mvua. Simu huibiwa na kadi huharibika. Karatasi nayo hulowa. Msitegemee kitu kimoja.

Ulizeni kabla ya kutuma. Kati ya wageni wenu wako waliokimbia vitisho, hawataki sura zao zionekane mtandaoni. Mtu akikataa, msimlazimishe wala msimcheke.

Picha siyo cheti. Hata ikiwa nzuri namna gani, haichukui nafasi ya cheti cha ndoa. Fuateni taratibu za kuandikisha ndoa, kisha mkatoe taarifa kwenye ofisi ya uandikishaji ili faili la familia lirekebishwe. Msingoje mpaka siku ya kuitwa kwenye mahojiano.

Na sisi tumejifunza. Siku hizi tukifika kwenye harusi, kabla ya kumtazama bibi harusi tunazunguka nyuma ya nyumba. Mama akisema angoje abadilishe nguo, tunamwambia, "Sawa mama, utabadilisha, tutakupiga tena." Lakini ile ya kwanza tunaipiga hapo hapo, mwiko mkononi na majivu kwenye kitenge.

Tunawatakia ndoa njema.