Ujumbe wa Ubongo Huishia Seli Ipi?

Chini ya ubongo, ndani ya kishimo kidogo cha mfupa nyuma ya pua, kuna tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere. Ni tezi ya pituitari. Uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 1, lakini bila hiyo mtoto harefuki, mama hatoi maziwa na yai la uzazi halipevuki. Kwa miaka mingi madaktari waliiita bwana wa tezi zote. Kumbe bwana huyo naye ana anayemwamrisha.

Katika miaka ya 1940, Geoffrey Harris wa Uingereza alieleza kwamba sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, haipothalamasi, humwaga kemikali kwenye mishipa midogo ya damu inayoshuka hadi kwenye tezi hiyo. Hoja yake ilipingwa vikali, kwani hakuna aliyekuwa amezipata kemikali zenyewe.

Kuzipata kulihitaji machinjio. Nchini Marekani, Roger Guillemin alikusanya vipande vya ubongo wa kondoo, na Andrew Schally, aliyewahi kufanya kazi naye kabla hawajawa mahasimu, akakusanya vya nguruwe. Kundi la Guillemin lilisaga haipothalamasi za kondoo wapatao 300,000 ili kupata miligramu 1 tu ya kichocheo cha kwanza, kile kinachoiamsha homoni ya tezi ya shingo. Muundo wake ulijulikana mwaka 1969: asidi amino 3 tu. Mwaka 1971 kikafuata kichocheo cha homoni za uzazi, chenye asidi amino 10. Mwaka 1977 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, aliyebuni njia ya kupima homoni zilizo kidogo mno katika damu.

Likabaki swali la anwani. Sehemu ya mbele ya pituitari ina aina 5 kuu za seli, zimechanganyika kama mahindi na maharage kwenye sufuria ya makande. Seli za homoni za uzazi ni chache, takriban 1 katika kila 10. Kichocheo kikishuka na damu, kinagusa seli ipi? Na kikishaigusa, kinakwenda wapi?

Jibu lilipatikana kwa msaada wa kitu kilichomo katika kila jiko: yai. Ute mweupe wa yai bichi una protini iitwayo avidini, ambayo huing'ang'ania vitamini ya bayotini kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1983, Gwen Childs na wenzake walitumia kichocheo cha uzazi kilichofungwa bayotini, mithili ya kifurushi kilichofungwa utepe. Wakakimwaga juu ya seli za pituitari ya panya zilizooteshwa maabara. Kisha wakaongeza avidini iliyobeba kimeng'enya, na mwishowe kemikali inayobadilika rangi kimeng'enya kikiigusa.

Hapo ndipo hadubini ilipotoa ushahidi. Seli nyingi zilibaki kama zilivyokuwa. Hapa na pale, chache zikawa zimeshika rangi. Kwa kuzipima seli hizo kwa kingamwili zinazotambua homoni, watafiti waliweza kuhakikisha kwamba zilizopokea kichocheo ndizo zenye homoni za uzazi ndani yake.

Safari haikuishia mlangoni. Mwaka 1980 Eli Hazum na wenzake walikuwa wamekipa kichocheo hicho rangi inayong'aa na kukifuatilia. Kwanza kilitapakaa juu ya ngozi ya seli, kikiwa kimeshikwa na vipokezi, milango ya seli inayopokea ujumbe. Kisha kikajikusanya mafungumafungu, na hatimaye seli ikakimeza. Kipokezi nacho huvutwa ndani pamoja na ujumbe wake, kwa hiyo idadi ya milango iliyobaki nje hupungua.

Ugunduzi huo ulisaidia kueleza jambo lililokuwa limewashangaza wengi. Mwaka 1978, kundi la Ernst Knobil huko Pittsburgh lilichukua kima ambao haipothalamasi yao haikuweza tena kutoa kichocheo. Walipowapa kichocheo mara 1 kila saa, homoni za uzazi zilirudi. Walipokimimina mfululizo bila kupumzika, homoni zilishuka. Seli inayopigiwa hodi bila kukoma huondoa vipokezi vyake na kuacha kuitikia.

Kutoka hapo zikaja dawa. Mwanaume mwenye saratani ya tezi dume inayokuzwa na homoni za kiume hudungwa sindano ya dawa inayofanana na kichocheo cha asili, lakini inayodumu muda mrefu mwilini. Siku za mwanzo homoni hupanda. Baada ya wiki chache pituitari inanyamaza, na korodani nazo zinapunguza kazi, bila upasuaji.

Sindano za aina hiyohiyo huwasaidia watoto wanaobalehe mapema mno, wasichana kabla ya miaka 8 na wavulana kabla ya 9, ambao mifupa yao ingefunga upesi na kuwaacha wafupi. Mtoto hupewa dozi kila mwezi au kila baada ya miezi kadhaa, hadi umri unaofaa ufike. Dawa ikisimamishwa, seli zilezile hurudisha vipokezi vyake nje, mapigo ya kichocheo kutoka kwenye ubongo huanza kusikika tena, na balehe inaendelea ilipoishia.