Mvua ya shule yenu: kutoka daftari hadi grafu kwenye simu

Msikilizaji akitupigia simu kusema mvua ya mwaka huu ni ndogo, huwa tunamuuliza: ndogo kuliko lini? Mara nyingi jibu hutoka kichwani tu. Lakini huenda jirani yake ipo shule yenye kipima mvua, wanafunzi wanaandika kila siku, na daftari linaishia kabatini. Leo tunaeleza jinsi namba hizo zinavyoweza kutoka kabatini na kuonekana kwa macho, hata kama shule nzima ina simu moja ya mwalimu.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana grafu nzuri haiponyi namba mbovu. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba ya ardhi. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 humwaga zaidi ya lita 80,000 kwenye ekari moja. Mwambie mtoto hesabu hiyo kwanza, ataelewa kwa nini tunahangaika na milimita. Kipima mvua kikae mahali pa wazi: kama mti wa karibu una urefu wa mita 5, kiwe angalau mita 10 kutoka hapo. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, kisha maji yamwagwe.

Sasa fungueni lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel au Google Sheets. Ni kama daftari la mistari lililogawanywa visanduku, ila hili linajua kujumlisha. Mstari wa kwanza ni wa vichwa: safu A tarehe, safu B mvua kwa milimita, safu C joto la juu kama mna kipimajoto, na safu D maelezo. Kwenye kisanduku cha mvua andikeni 12 tu, msiandike "12 mm". Mkiongeza herufi, programu huona neno badala ya namba na kuliruka wakati wa kujumlisha. Jumla inatoka pungufu na hakuna anayejua kwa nini.

Kosa kubwa zaidi ni la sifuri. Siku ambayo mlipima na hapakuwa na mvua, andikeni 0. Siku ambayo hakuna aliyepima, acheni kisanduku kitupu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mwanafunzi anayejaza sifuri ili jedwali lipendeze anadai hapakuwa na mvua wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyeangalia.

Hapo ndipo Jumamosi na Jumapili zinapotusumbua. Shule imefungwa, mvua inanyesha, na Jumatatu kipima mvua kina milimita 36. Kwenye grafu itaonekana gharika ya siku moja, kumbe ni maji ya siku tatu. Dawa nzuri ni zamu ya wanafunzi wanaokaa karibu na shule. Ikishindikana, acheni Jumamosi na Jumapili tupu, na kwenye maelezo ya Jumatatu andikeni "siku 3". Msigawanye 36 kwa tatu, maana hamjui ilinyesha siku ipi.

Mwisho wa mwezi wa siku 31, chini ya safu ya mvua andikeni =SUM(B2:B32) mpate jumla. Kwa joto tumieni =AVERAGE(C2:C32), ambayo hutoa wastani. Mvua hujumlishwa, joto hutafutiwa wastani. Kujumlisha joto la mwezi hakuna maana yoyote. Kisha chagueni safu ya tarehe na ya mvua, gusa alama ya kujumlisha juu ya skrini na uchague chati. Mvua ichorwe kwa mihimili, yaani nguzo zilizosimama, kwa sababu kila siku ina maji yake. Joto lichorwe kwa mstari, kwa sababu hupanda na kushuka bila kukatika. Chati ya duara tunawaomba muiache. Haionyeshi nini kilitangulia na nini kilifuata.

Na kufuatana kwa siku ndiko kunakomgusa mkulima. Tuseme vijiji viwili vimepata milimita 80 kila kimoja kwa mwezi. Kimoja kilipata milimita 8 kwa siku 10 zilizotawanyika. Kingine kilipata milimita 40 tarehe 3, na nyingine 40 tarehe 28. Jumla ni ile ile, lakini katika kijiji cha pili aliyepanda mahindi tarehe 4 amepoteza mbegu. Ukisoma jumla huoni kitu. Ukitazama mihimili, pengo liko wazi hata kwa mzee asiyejua kusoma.

Wataalamu wengi wa ukanda wetu husema msimu umeanza pale milimita 20 au zaidi zinaponyesha ndani ya siku tatu, na wiki tatu zinazofuata zisiwe na siku saba kavu mfululizo. Darasa linaweza kurudi kwenye grafu za miaka iliyopita na kutafuta tarehe hiyo kila mwaka. Utabiri rasmi unabaki kuwa kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa; grafu ya shule inaeleza kilichonyesha hapo kijijini, nayo ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji wazazi wataisoma.

Simu hupotea na huanguka majini. Daftari la karatasi liendelee kujazwa kila asubuhi, na mwalimu akihamishwa alikabidhi kwa anayempokea pamoja na funguo za kabati.