Kuvuka Thorong La (2): Kutoka Manang hadi Muktinath

Wiki iliyopita tuliishia Manang, kijiji kilicho mita 3,540 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa milima ya Annapurna nchini Nepal. Mbele kuna Thorong La, kipito cha mita 5,416, pungufu ya kilele cha Uhuru kwa mita 479 tu. Kwa mwenye miguu mizuri, kituo cha Thorong Phedi kilicho chini ya kipito hakionekani kuwa mbali. Hata hivyo, wenye busara hulala Manang siku mbili.

Kule juu mkandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Lamu, na oksijeni anayoivuta mtu hupungua vivyo hivyo. Mwili huzoea, lakini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana madaktari hushauri kwamba baada ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mchana ruksa kupanda zaidi, mradi jioni ushuke. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua desturi hiyo. Shirika la Himalayan Rescue Association lina kituo cha tiba Manang, na msimu wa wageni madaktari wake hufundisha dalili. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande. Ukiyumba kama mlevi, au ukahema hali umekaa, shuka usiku huohuo.

Phedi, mita 4,450, wageni huuziwa supu ya vitunguu saumu, eti kinga ya ugonjwa wa mwinuko. Ni tamu na inapasha tumbo moto, basi.

Safari ya kuvuka huanza kabla ya alfajiri, kwa tochi za kichwani, kwa kuwa upepo wa kipitoni huzidi kadiri jua linavyopanda. Chupa ya maji hubebwa kichwa chini: barafu huanza kuganda juu, hivyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Kipitoni kwenyewe kuna bendera za maombi za Wabuddha, rundo la mawe na kibanda cha chai.

Oktoba 2014 ndiyo iliyofundisha kwa ukali. Kimbunga Hudhud kilipiga pwani ya mashariki ya India tarehe 12, na masalia yake yakapanda hadi Himalaya. Tarehe 14 theluji nzito iliwakuta watu njiani, katika mwezi unaosifiwa kwa anga safi. Zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo hilo, wageni na Wanepali, wakiwemo waongozaji na wafugaji. Habari za kimbunga zilikuwapo. Hazikuwafikia waliokuwa wakipanda. Katika mjadala uliofuata, wengi waliwalaumu wageni wasio na waongozaji. Lawama hiyo ni nyepesi mno, maana waongozaji nao wamo katika orodha ya marehemu.

Ng'ambo ya kipito njia huporomoka takriban mita 1,600 hadi Muktinath, mahali patakatifu pa Wahindu na Wabuddha penye mifereji 108 ya maji, na magoti ndiyo hulipa gharama. Wachache huja kwa upande huo. Kutoka Muktinath ni lazima mteremko wote huo uwe mpando, karibu wote kwa siku moja, na sehemu za kulala katikati ni haba.

Itaendelea.