Mifupa Yako Haina Methadoni

Wiki iliyopita niliulizwa mara nne. Mara ya kwanza aliuliza kijana wa miaka ishirini na kitu, ya pili mama yake, ya tatu mtu wa kwenye simu aliyekataa kutaja jina. Mara ya nne nilikuwa nasubiri chapati kando ya barabara, akaniuliza mwendesha boda anayejua kazi yangu. Swali ni lile lile: "Musawo, hii methadoni nitaitoaje kwenye mifupa?"

Huitoi, kwa sababu haimo. Ningeweza kuishia hapo na kumwachia mhariri nafasi ya tangazo, lakini najua kesho nitaulizwa tena.

Nianze na huyo kijana. Anakaa Kisenyi, hatua chache kutoka chumba changu cha ushauri hapa Mengo, na kila asubuhi anavuka mji mzima kwenda Butabika, ambako Uganda ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini kama tiba mwaka 2020, baada ya Muhimbili ya Dar es Salaam mwaka 2011 na Mathari ya Nairobi mwishoni mwa 2014. Alikuwa wiki ya tatu ya tiba, dozi miligramu 40. Alipita kwangu saa moja asubuhi, njiani kwenda kunywa dawa, na ombi moja: nimwandikie barua ashushwe hadi 20, "kabla haijamaliza uboho."

Sikumjibu. Nilimsogeza dirishani. Jua lilikuwa linampiga usoni, na bado mboni za macho zilikuwa zimetanuka kama za paka gizani. Alipiga miayo mitatu kabla sijamaliza kumsalimia, akawa anafuta kamasi kwa mgongo wa kiganja. Nilipompandisha mkono wa sweta, malaika yote yalikuwa yamesimama. Mtu aliyezidiwa na methadoni mboni zake huwa kama tundu la sindano, naye husinzia ukimsemesha. Huyu hakuwa na dawa nyingi mwilini. Huyu alikuwa na arosto, mateso ya mwili uliozoea afyuni ukiikosa.

Nikamuuliza kitu ambacho, kwa maelezo yake, hakuna aliyewahi kumuuliza: mifupa inauma saa ngapi?

"Inaanza saa nane usiku. Ikifika saa kumi alfajiri nalia."

Na ukishakunywa dawa?

"Nakunywa saa tatu. Saa tano, saa sita, inatulia."

Hadithi ya mifupa ilipaswa kufia hapo. Methadoni hufika kileleni katika damu saa mbili hadi nne baada ya kunywewa. Kama ndiyo inayokula mifupa, maumivu yangekuwa makali zaidi mchana, dawa ikiwa imejaa. Lakini mchana ndipo kijana anapopata usingizi, na anaumia alfajiri, dawa ikiwa imepungua na inakaribia kiwango chake cha chini kabisa. Ni mwizi gani huyu anayeiba siku asiyokuwepo?

Wenye hadithi hii hawashindwi kirahisi. Watakuambia: lakini kabla ya methadoni sikuwa na maumivu haya. Ulikuwa nayo. Muulize yeyote aliyewahi kukosa unga, yaani heroini, kwa siku mbili jinsi miguu ilivyomuuma, mgongo ulivyomkata, alivyojikunja kitandani kama jongoo. Enzi za unga kete ilikuwa inayazima maumivu hayo kila baada ya saa chache, kwa hiyo hayakupata muda wa kupewa jina. Yaliitwa arosto tu, na kila mtu maskani alijua dawa yake. Leo maumivu yale yale yakimpata mtu aliye kwenye tiba, ghafla ni "ugonjwa wa methadoni."

Kwa nini basi yasikike ndani ya mfupa? Dawa za jamii ya afyuni hunyamazisha njia za fahamu zinazopeleka habari ya maumivu. Ukizinyamazisha miaka mitano kisha ukaondoa mkono, hupiga kelele kwa yote yaliyozuiwa. Misuli nayo inakaza. Mtu anahisi mfupa unatobolewa, ilhali mfupa mwenyewe hauna habari.

Watarudi na hoja ya mwisho: "Mbona niliyemjua aliacha methadoni akaumwa wiki tatu, na unga ni wiki moja tu? Si ndiyo kusema ilikuwa imeingia ndani?" Hii angalau ni hoja ya mtu aliyeangalia. Arosto ya heroini huanza ndani ya saa sita hadi kumi na mbili, hupanda siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi huwa imepoa wiki ikiisha. Ya methadoni huchelewa kuanza siku moja au mbili, kisha hujivuta wiki mbili, hata tatu. Sababu ni kwamba methadoni hukaa kwenye ini, mapafu na nyama nyingine za mwili, na huvunjwa polepole: kwa watu wengi inachukua siku moja hadi siku moja na nusu ili nusu yake tu itoke. Ndiyo maana unainywa mara moja kwa siku badala ya kuhangaika mara nne. Kitu kinachoondoka polepole huacha arosto ndefu. Huo ni mwendo wa kutoka, si kina cha kuingia.

Kuna punje moja ya ukweli, na siifichi. Mtu anayetumia afyuni ya aina yoyote miaka mingi, ikiwemo heroini, huweza kupungukiwa na homoni za uzazi, na homoni zikishuka muda mrefu mfupa hupoteza uzito wake. Hilo hupimwa na kutibiwa. Halimwamshi mtu saa kumi alfajiri akilia, na halitulii saa mbili baada ya kunywa dawa.

Sasa hesabu gharama ya uongo huu. Mifupa inauma kwa sababu dozi ni ndogo. Mgonjwa anaomba ipunguzwe. Inauma zaidi. Ananunua kete moja "ya kutuliza tu." Mkojo ukipimwa unaonyesha heroini, familia inasema tiba imeshindwa, naye anaacha. Tiba haikushindwa, haikufika. Methadoni huanzishwa chini, kwa kawaida miligramu 30 au pungufu, kwa sababu dozi ya leo hukalia mabaki ya jana, na inahitaji siku kama tano kutulia kabla ya kuongezwa. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Miligramu 40 wiki ya tatu ni kituo cha njiani, na huyu alitaka kushukia hapo, tena arudi nyuma. Nimechoka na watu wanaojisifia dozi ndogo kana kwamba ni ushujaa. Hakuna anayejisifia kunywa nusu ya dawa ya presha.

Mengo si mtaa wa watu wanaoogopa dawa. Albert Cook alianzisha hospitali hapa mwaka 1897. Na nchi hii inaijua jamii hii ya dawa vizuri. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993, imewapelekea wagonjwa wa saratani morfini ya maji hadi majumbani. Morfini na methadoni ni ndugu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuulizwa na mtu atamtoaje bibi yake morfini mifupani. Kwa hiyo tuseme wazi: hatuogopi dawa, tunamdharau anayeinywa. Akiitwa mgonjwa dawa inamtuliza, akiitwa teja dawa ile ile inamwozesha mifupa.

Na palipo na dharau biashara haikosi. Kijana wangu alikuwa ameshapitia tiba nne kabla ya kunifikia. Kwanza mulokoni, supu ya kwato, "ya kulainisha viungo." Supu ile ni tamu, nami huinywa, lakini kwato za ng'ombe haziongezi dozi. Pili maziwa fresh, lita nzima alfajiri, ya "kukata sumu." Maziwa hayakati methadoni, yakimkuta mwenye arosto humharisha zaidi. Tatu dripu ya "kusafisha damu" kwenye kliniki moja ya uchochoroni: maji ya chumvi na vitamini ya njano, kwa pesa ambayo ingemlipia nauli ya Butabika mwezi mzima. Damu husafishwa na ini na figo usiku na mchana, bila malipo. Na laiti dripu ingeweza kweli kuiondoa methadoni yote mwilini, ingemtumbukiza kwenye arosto ile ile anayoikimbia! Nne, muuza duka alimpa vidonge kwenye karatasi ya gazeti, bila jina. Nilivigeuza mkononi nikavitambua: daizepamu na tramadoli. Kwa mtu aliye kwenye methadoni, hicho kikaratasi ndicho pekee kati ya vyote vinne ambacho kingeweza kumuua.

Si kila anayeumia alianza na dozi ndogo. Mama mmoja alikuwa ametulia miezi mingi, hatumii kitu, anauza nguo zake soko la Owino. Ghafla arosto ikamrudia. Jirani wakasema mifupa imejaa sasa. Nikamuuliza nini kimebadilika. Hakuna. Dawa mpya? "Labda hizi za TB, wiki ya pili." Rifampisini huliamsha ini likaivunja methadoni kwa kasi, na dozi iliyotosha mwezi jana leo haitoshi. Rifapentini ya kuzuia TB ni ya ukoo huo huo. Dawa za VVU za zamani, efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo; dolutegraviri inayotumika sasa haina neno. Suluhisho si kuacha dawa ya TB wala methadoni. Ni wanaokuandikia hizi mbili kuzungumza, dozi ipandishwe, na tiba ya TB ikiisha ishushwe kwa uangalifu.

Ya kufanya ni haya, haraka haraka, maana nafasi nimeimaliza kwenye mifupa. Andika saa kwa siku tatu: uliyokunywa dawa, maumivu yalipoanza, yalipotulia. Yakianza kabla ya dozi na kutulia baada yake, dozi haitoshi. Peleka karatasi kwa anayekuandikia. Usijiongezee, usinunue ya mwenzako. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari zaidi. Ukisinzia baada ya kunywa, imezidi, sema pia. Ukitapika, sema ni dakika ngapi baada ya kunywa. Ukikosa siku tatu mfululizo usidai dozi yako ya zamani: mwili umeshaisahau, na inaweza kukuzima. Taja kila dawa unayomeza. Flukonazoli na siprofloksasini huweza kuipandisha methadoni mwilini. Ukihara, ORS, na loperamaidi kwa kipimo cha kwenye pakiti, si zaidi. Ukiumwa, parasetamoli. Klonidini hupunguza jasho na kutetemeka lakini hushusha presha, kwa hiyo ni ya kuandikiwa. Daizepamu na waragi, hapana: pamoja na methadoni huzima pumzi. Tramadoli, hapana: huweza kuleta degedege.

Mjamzito asiache ghafla. Arosto ni hatari kwa mimba kuliko dawa, na miezi ya mwisho huenda akahitaji nyongeza au dozi igawanywe mara mbili. Anayehamia buprenofini asubiri arosto ianze kwanza, kidonge kikae chini ya ulimi. Ukikiwahisha kitakutupa kwenye arosto kali papo hapo. Anayetaka kuacha kabisa ashuke kwa miezi, na daktari wake, si kwa wiki na jirani. Na familia ijue naloksoni: humwamsha aliyezidiwa, lakini huisha nguvu kabla ya methadoni, kwa hiyo hata akiamka na kutukana, mpelekeni hospitali.

Barua sikumwandikia kijana. Nilimpa karatasi ya kuandika saa. Baada ya wiki tatu alirudi nayo, imekunjwa mara nne. Dozi ilikuwa imefika 70. Safu ya saa ya maumivu ilikuwa imejazwa siku nane za kwanza, halafu ikawa tupu. Habari za uboho hakuzitaja. Alivuta kiti, akageuka kuangalia kama mlango umefungwa, akasema kwa sauti ya chini, "Musawo, leo siku ya nne sijaenda choo."

Hilo sasa, nikamwambia, ni la methadoni. Nikamwandikia papai, maji mengi na dawa ya kulainisha choo. Nilifurahi kuulizwa swali la kweli hata nikasahau kumpa pole.