Muuza vitabu wa jirani, tusimpoteze

Wamama wenzetu, mwezi wa tisa ukikaribia, kila nyumba ya Likasi inaanza kuhesabu: viatu, nguo za shule, kaye, kalamu, vitabu. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, lakini kitabu cha mtoto kusoma nyumbani bado kinatoka katika mfuko wa mzazi. Wengi wetu tunakinunua kwa muuza vitabu mdogo, mwenye chumba kimoja kando ya barabara, ao kwa yule anayetandaza vitabu vya mtumba sokoni.

Sasa maduka makubwa nayo yanauza kaye na vitabu pamoja na mchele na sabuni. Anayeshuka Lubumbashi anarudi na vyote katika mfuko mmoja. Hatumlaumu mama anayetafuta nafuu. Lakini tuangalie hesabu yenyewe.

Duka kubwa linanunua vingi kwa mara moja, kwa hiyo linapewa bei ya chini. Tena haliishi kwa vitabu. Linaweza kuuza kitabu bila faida, mradi mteja aingie anunue mafuta na sukari. Muuza vitabu hana sukari. Kitabu cha shule cha mwezi wa tisa ndicho kinachomlipia kodi ya nyumba, na ndicho kinachomwezesha kuweka kamusi na vitabu vya hadithi vinavyongoja mnunuzi miezi sita. Akikosa mwezi wa tisa, hivyo vingine navyo vinaondoka.

Wenzetu wameyaona. Uingereza, tangu 1900, wachapishaji walipatana kitabu kiuzwe bei moja kila mahali. Mapatano hayo yakavunjika miaka ya 1990. Mwaka 2007 kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilikuwa na bei ya pauni 17.99, duka kubwa la Asda likakiuza pauni 5. Maduka ya vitabu ya kujitegemea yalikuwa 1,894 mwaka 1995. Mwaka 2016 yalibaki 867. Baadaye yalianza kuongezeka tena, pole pole.

Ufaransa walichagua njia nyingine. Sheria ya 1981, inayoitwa kwa jina la waziri Jack Lang, inasema mchapishaji ndiye anayepanga bei, na hakuna duka linaloruhusiwa kupunguza zaidi ya asilimia 5. Mkubwa na mdogo wanauza karibu sawa.

Kenya, aliyechukua mteja si duka kubwa, ni mpango wa serikali. Zamani shule zilinunua vitabu katika maduka ya mji wao. Kuanzia 2018 vikapelekwa moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Watoto wengi walipata vitabu, na hilo ni jema. Lakini maduka mengi ya miji midogo yalipoteza mteja wao mkubwa, na mengine yakafunga.

Sisi hatuandiki sheria, lakini tuna likelemba. Tunaweza kufanya hivi:

Kuanzia mwezi wa sita, kila mama aweke kidogo kila juma kwa ajili ya vitabu tu. Tuandike orodha moja kwa kila darasa, twende pamoja kwa muuza vitabu wetu kabla hajaagiza. Akijua kwamba vitabu ishirini vina wenyewe, naye anaweza kuomba bei ya jumla, na habaki na mzigo. Hapo tuna haki ya kumwambia: baba, tupunguzie. Vitabu vya wakubwa vilivyo vizima tubadilishane, ao tumpelekee avinunue.

Tena, tukienda kuchukua kitabu cha hesabu, tumuulize kama ana kimoja cha hadithi cha kusomea watoto jioni. Asipoulizwa, hatakileta. Na duka kubwa, msimu wa shule ukipita, linajaza rafu zile vitu vingine.