Mkono wa Abdi Nageeye

Ukitoka Mombasa kwenda Garissa kwa njia ya Garsen na Hola, ukishavuka daraja la mto Tana umeingia mji ambao lugha ya nyumbani ni Kisomali na bendera ni ya Kenya. Kwa hiyo msomaji, nadhani mtu wa huko aliyezitazama mbio za marathoni za Olimpiki ya Tokyo, zilizokimbiwa Sapporo tarehe 8 Agosti 2021, alipata tabu moyoni.

Eliud Kipchoge hakuwa na mpinzani. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 38. Vita vilikuwa nyuma yake. Mwishoni walikuwapo Lawrence Cherono wa Kenya na vijana wawili waliozaliwa Mogadishu mwaka 1989 na kukimbilia Ulaya: Abdi Nageeye, aliyevaa rangi za Uholanzi, na Bashir Abdi, aliyevaa za Ubelgiji. Bashir alikuwa ameanza kuchoka. Nageeye, badala ya kuangalia nishani yake mwenyewe, akageuka akampungia mkono: njoo! Akageuka tena. Bashir akajikaza, akampita Cherono. Nageeye alipata fedha kwa 2:09:58, Bashir shaba kwa 2:10:00, Cherono akawa wa nne kwa 2:10:02.

Wapo watakaonung'unika: Nageeye amefanya mazoezi miaka mingi katika milima ya Kenya, kisha amwite mgeni ampite mwenyeji! Mimi simo. Hakumshika mtu wala hakumzuia mtu. Alimwita rafiki yake, basi.

Wala nishani ile haikuwa ya bahati. Rio mwaka 2016 alikuwa wa 11. Aprili 2022 alishinda Rotterdam kwa 2:04:56, Mholanzi wa kwanza kushinda mbio hizo upande wa wanaume. Paris, Agosti 2024, mambo yalimwendea kombo, hakumaliza, na siku hiyo Bashir ndiye aliyechukua fedha. Wengi wangejifungia ndani. Yeye, haikupita hata miezi mitatu, tarehe 3 Novemba akashinda New York kwa 2:07:39, na aliyemwacha nyuma katika nafasi ya pili alikuwa Evans Chebet, Mkenya tena.

Na Cherono? Alitoka Sapporo mikono mitupu kwa sekunde 2. Sidhani kuna aliyemcheka Garissa.